Jinsi ya Kumpenda Mnyonya Damu Bila Kuhama Kibaha

Mwongozo huu ni wa msomaji anayeishi popote kati ya Maili Moja na Maneromango, ambaye roho yake imetekwa na riwaya za vijana wanaopendana na viumbe wasiokufa. Dalili zake zinafahamika. Anaosha vyombo kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye ndoo. Akitumwa sukari anarudi na chumvi. Akiulizwa anawaza nini anajibu "hamna kitu", na sauti yenyewe inatoka mbali. Msimkimbize hospitali ya Tumbi kupimwa malaria. Mtoto amefika sura ya kumi na nne, basi.

Shida ya msomaji wa huku ni tofauti na ya mwenzake wa Marekani. Kule msichana akisema anasoma habari za kijana mnyonya damu, mama yake anashukuru kwamba walau anasoma. Huku mama anauliza kijana huyo ni nani na anakaa mtaa gani. Kule jini ni kazi ya ubunifu. Huku jini ana jina, ana kabila, ana siku zake za kupanda, na huenda anamdai shangazi yako kanga nyekundu na udi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo kusoma riwaya hizi Kibaha na Kisarawe ni shughuli inayotaka mbinu. Zifuate kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: Kipate kitabu

Duka lenye riwaya mpya za vijana utalitafuta mpaka soli iishe. Yaliyopo yanauza madaftari, kalamu, bahasha za kaki na vitabu vya kiada. Ukiulizia riwaya, muuzaji atakupa mitihani ya Hisabati ya miaka iliyopita, yenye majibu nyuma, akiamini amekusaidia. Zimebaki njia tatu.

Ya kwanza ni mtumba. Vitabu vilivyochoka Ulaya na Marekani huja kumalizia maisha Posta, Dar es Salaam, vimetandazwa kando ya barabara juu ya turubai. Hapo utapata juzuu ya tatu ya mfululizo wenye juzuu nne. Ya kwanza haipo, ya pili haijulikani ilipo. Usivunjike moyo. Msomaji wa mtumba huzoea kuingia kwenye mapenzi ya watu wakiwa wameshagombana, na siku moja, Mungu akijalia, hujua walikutanaje. Kinachouma ni kurasa za mwisho. Kitabu kikipitia kwa muuza karanga kabla ya kufika kwako, ujue harusi ya wapendanao imefungiwa karanga za mia mbili na imeshaliwa Kariakoo.

Ya pili ni maktaba. Hapa Kibaha ina bahati ambayo wenyeji wengi hawaitumii. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza kama mradi wa nchi za Nordic mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, lina maktaba yake ya umma. Wafadhili wale wanatoka pande za dunia ambazo sehemu zake za kaskazini hazioni jua wiki kadhaa wakati wa baridi, mazingira ambayo mnyonya damu angeyalipia kodi. Walileta shule, tiba, kilimo na vitabu, wakamwacha yeye kwao. Ukifika, usimuulize mkutubi kwa sauti kubwa kama wana kitabu cha mapenzi ya majini. Sema unatafuta fasihi ya kifantasia. Atakuelewa, au atajifanya ameelewa, na yote mawili yanatosha.

Ya tatu ni simu. Simulizi za WhatsApp na Facebook hutolewa sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure. Shujaa wetu anaponyoosha mkono kufungua mlango wa chumba alichokatazwa, maandishi yanakatika na inajitokeza namba ya kulipia. Usimlaani mwandishi. Biashara hiyo ameirithi. Magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo yalitulea kwa hadithi za mfululizo zilizokatwa penye utamu, mtu akaishi wiki nzima roho juu. Mwaka 2020 Shigongo akachaguliwa mbunge wa Buchosa. Kwa hiyo mzazi akikuambia hadithi za mapenzi hazimfikishi mtu popote, mjibu kwa heshima kwamba zimeshamfikisha mtu Dodoma.

Hatua ya pili: Kivishe nguo

Adui yako wa kwanza ni jalada. Aliyelichora huko New York hakumfikiria shangazi wa mtaani Picha ya Ndege. Amechora kijana kifua wazi, macho mekundu, msichana amelegeza shingo, mwezi mpevu nyuma yao, na kunguru juu ya mti mkavu. Kiache kitabu hicho kwenye kochi muda wa kwenda kuanua nguo tu. Ukirudi utakikuta kimefunikwa kwa kitambaa cha meza, na jikoni kuna watu wazima wawili wananong'ona.

Kivishe mapema. Karatasi ya mfuko wa saruji ni imara, ila inaacha vumbi mikononi na ushahidi kwenye sare. Gazeti linafaa, lakini angalia ukurasa: haipendezi mnyonya damu kuvikwa picha ya mheshimiwa anayezindua kisima. Iliyo bora ni karatasi ya kaki. Ikunje vizuri pembeni, kisha andika kwa herufi kubwa: BAIOLOJIA, KIDATO CHA TATU. Somo hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Mtu akichungulia begani kwako akaona damu, moyo, joto la mwili au mshipa wa shingo, kila kitu kimo ndani ya muhtasari.

Hatua ya tatu: Chagua pa kusomea

Daladala ya Maili Moja kwenda Mbezi ilikuwa chumba cha kusomea kisicho na mfano, mpaka barabara ya Kimara hadi Kibaha ilipopanuliwa ikawa ya njia nane. Wahandisi waliwafikiria wenye haraka, wakatusahau wenye kitabu. Foleni ya zamani ya Kibamba ilitosha uchumba, usaliti na msamaha. Siku hizi umebakiwa na uchumba tu, nao wa mbiombio. Hata hivyo aliyezama anazama.

"Dada wa Baiolojia, si ulisema Kiluvya?"

"Eeh, shusha."

"Nishushe wapi, dada yangu? Hapa Mbezi, mwisho wa gari."

Usibishane na konda. Lipa nauli ya kurudi, kaa kitako, fungua ukurasa. Umepata sura mbili za ziada.

Treni ya umeme haifai. Tangu Juni 2024 inabeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kupitia Pugu, Soga na Ruvu, na mwendo wake unavuruga mapenzi. Kijana anamshika msichana mkono Pugu, kabla hajautamka ule ukweli wake mzito, mmeshaipita Soga.

Mwenye nafasi aende Kisarawe. Mandhari ambayo waandishi wa nje wanaitafuta kwa tochi imelala pale bure. Asubuhi za masika ukungu unashuka kutoka vilimani mpaka barabarani. Msitu wa Kazimzumbwi una giza la mchana. Jirani yake, Pugu, yapo mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini ambamo popo wamehamia, na jua likizama wanamiminika nje kundi baada ya kundi. Mwandishi wa Marekani akikuta mahali hapo anatoa juzuu saba na filamu tano. Sisi tunapapita tumefungasha mkaa kwenye bodaboda.

Angalizo moja kwa wanaosoma usiku huko. Utasikia mtoto mchanga analia juu ya mti. Usipige kelele, usigonge mlango wa wazazi, usivunje yai njia panda. Ni komba. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ina komba wa namna kadhaa, akiwemo komba mdogo wa Rondo, ambaye wataalamu wanamhesabu miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Shingo yako hana haja nayo. Wale wakubwa wakishuka, wanafuata tembo la mnazi, ndiyo maana mlevi wa Pwani akizidisha anafananishwa nao. Na taa ikizimika ghafla pale kijana anapotokea dirishani, hiyo si ishara. LUKU imekwisha.

Hatua ya nne: Pita salama kwa bibi

Likizo itafika, nawe utapelekwa kwa bibi Maneromango. Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa sababu bibi hakagui jalada. Bibi anauliza hadithi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kitabu gani hicho hata wali unapoa?"

"Hadithi tu, bibi."

"Haya, nihadithie."

Bibi amekaa juu ya mbuzi, kizio mkononi, nazi inadondoka kwenye sinia. Hapa ndipo msomaji mpole hujichongea kwa kusema kweli.

"Kuna msichana kampenda kijana wa shuleni kwao."

"Mwana wa nani?"

"Mgeni pale. Mzuri huyo, bibi! Mweupe, mwili wake baridi. Hali chakula. Halali usingizi. Anajua watu wanawaza nini. Usiku anamtokea msichana chumbani, na mlango umefungwa. Anakaa tu anamtazama alivyolala."

Nazi inasimama kukunwa.

"Mjukuu wangu, huyo si mchumba. Huyo jini mahaba."

"Bibi, hii hadithi ya Marekani."

"Kwani Marekani ndio hawapo?"

Kubali yaishe, maana bibi amefanya uhakiki ambao wahakiki wengi hawakuufikia. Twilight ya Stephenie Meyer ilitoka mwaka 2005, ikauzwa dunia nzima kama hadithi ya penzi kuu. Edward Cullen anaingia kwa Bella usiku bila hodi, ana wivu, na anamtenga msichana na wenzake. Kwa imani za Pwani, hizo zote ni alama za jini mahaba: hupenda asipoombwa, humjia mtu usiku, hufukuza kila mchumba anayekuja na barua. Kule aliandikiwa juzuu nne. Huku angeandikiwa kombe moja, likanywewa, na kesi ikafungwa kabla ya magharibi. Kwa Wakristo, mkesha mmoja wa maombi, naye anaondoka na jina lake ameshalitaja mbele ya kipaza sauti.

Ukikosea zaidi ukataja damu, umekwisha. Kizazi cha bibi kilikulia kwenye habari za mumiani. Enzi za ukoloni, kuanzia pwani hii mpaka Nairobi na Kampala, watu walisimuliana kwamba kuna wanaotumwa usiku kukamata watu na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Kenya na Uganda lawama ziliwaangukia hata wazima moto. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo akayatolea kitabu mwaka 2000. Mumiani hakumpenda mtu. Hakuwa na macho ya dhahabu wala huzuni ya karne nzima. Alikuwa na gari, na alikuwa kazini. Akaja Popobawa, aliyeitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 mpaka watu wakawa wanalala nje kwa makundi, na hatuna habari ya msichana aliyeandika jina lake kwenye daftari akalizungushia moyo.

Mjomba naye akisikia kutoka barazani atadakia: hiyo si ndiyo Shumileta? Anazungumzia filamu ya Mussa Banzi ya miaka ya 2000, ya jini wa kike aliyempenda binadamu, ambayo aliiona kwenye kibanda cha video na hakulala vizuri mwezi mzima. Usimbishie. Ana haki ya kudai kwamba Bongo ilishayamaliza hayo.

Jibu sahihi la kumpa bibi, tangu mwanzo, ni hili: "Kijana mwenyewe mtoto wa daktari, bibi." Wala si uongo, kwani baba mlezi wa Edward ni daktari wa hospitali. Nazi itaendelea kukunwa.

Hatua ya tano: Mjibu mwalimu

Mwalimu akikukamata atakuambia uache upuuzi, usome vitabu vya maana. Mwombe, kwa unyenyekevu wote, akutajie. Halafu msikilize anavyojifunga mwenyewe.

Atamtaja Shaaban Robert. Vizuri sana. Kwenye Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, umo mji ambao watu wake wamegeuka mawe, yumo binti mzuri anayepatikana humo, na yumo jini wa kike anayewageuza nyani ndugu wawili wenye husuda, kisha anamwamuru Adili awacharaze viboko kila usiku. Toa jina la mwandishi, vika jalada la mwezi mpevu, uone kama mwalimu huyohuyo hatakinyang'anya.

Atamtaja Muhammed Said Abdulla. Vizuri zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, na iliyofuata ikabeba jina la Giningi, himaya ya wachawi katika visa vya Visiwani. Kweli mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mwishowe humwumbua binadamu aliyejificha nyuma ya mzimu. Lakini msomaji alivutwa na jina la mzimu, na mwandishi alilijua hilo.

Atamtaja Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka, ya 2001, ambamo marehemu babu anarudi kumwandama mjukuu wake mkubwa serikalini. Hapo utakuwa umeipata kanuni nzima ya uhakiki wa shuleni: mzimu akija kuikosoa serikali ni fasihi, akija kumbusu msichana ni upuuzi. Kinachopimwa ni ajenda ya marehemu.

Mwalimu akihamia kwenye mapenzi, pia usiogope. Ngoswe wa Edwin Semzaba, karani wa sensa, amefundishwa kwa miaka mingi: alimpenda Mazoea, na karatasi za serikali zikaishia motoni. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kisha ikaja kusomwa darasani, nayo Rosa mwenyewe hakunusurika. Vitabu vya kiada havikatazi msichana kupenda. Vinamruhusu apende ukurasa wa thelathini, na kufika wa sitini ama ana mimba, ama amefukuzwa shule, ama yumo kaburini na kijiji kimepata funzo. Halafu watu wazima wanashangaa kwa nini binti wa Mlandizi anajifungia chumbani na riwaya ambamo msichana amependa, amekosea, amelia, na mpaka ukurasa wa mwisho bado yupo hai. Hata kama uhai wenyewe, kwa hesabu za daktari, una walakini.

Hilo usimwambie mwalimu. Mwambie unajifunza Kiingereza. Atalainika, kwa kuwa yeye naye alijifunzia kwenye Pacesetters za Macmillan, zilizoanza kutoka mwaka 1977, akiwa amezificha chini ya dawati, na akichoka nazo alikuwa anahamia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba.

Hatua ya sita: Lipitie faili la mchumba

Kabla hujamkabidhi moyo, mpeleleze kama mzazi angempeleleza.

Elimu. Edward alizaliwa mwaka 1901, akawa si wa kufa mwaka 1918 akiwa na miaka 17, na mpaka hadithi inaanza bado anasoma sekondari. Kwa Kisarawe hilo linamhusu afisa elimu kata. Kijana ambaye bado yuko sekondari zaidi ya miaka themanini baada ya kutimiza kumi na saba hawezi kusingizia uhaba wa walimu.

Utambulisho. Namba ya NIDA hana, na akiomba ataambiwa alete cheti cha kuzaliwa au mtu anayemfahamu tangu utotoni.

Hali ya hewa. Forks, mji wake, uko pembezoni mwa jimbo la Washington ambako mvua hainyamazi. Mwandishi ameamua kwamba wanyonya damu wake wakipigwa na jua wanametameta. Msimamishe kijana huyo Maili Moja saa saba mchana, ngozi inang'aa, uone kama hatadhaniwa msanii anayerekodi video na kuombwa picha. Akikubali kutoka usiku tu, basi Pwani inamfaa kuliko kwao, kwani hapa giza halipungui sana wala haliongezeki sana mwaka mzima: kama saa kumi na mbili kila siku, zamu kamili ya mlinzi wa ghala.

Chakula. Yeye na jamaa zake wanajisifu kwamba ni wastaarabu, wanakunywa damu ya wanyama peke yake. Hiyo ndiyo itakayomponza. Huku damu ya mbuzi inaachwa iende ardhini, na kuinywa ni haramu. Mtu anaweza kusamehewa kuwa maiti, lakini akionekana na kikombe machinjioni, barua yake ya posa inarudishwa na fedha zake humohumo ndani.

Wazee. Hapa ndipo anapopata alama. Carlisle, baba mlezi, alizaliwa London katika karne ya 17. Hakuna ukoo wowote Kisarawe wenye mzee wa umri huo anayeweza kuja mwenyewe kikaoni, akakaa mkekani bila kusaidiwa, na akakumbuka vizuri nani alimwoa nani.

Hatua ya saba: Andika wako

Ukishayapitia hayo yote utaona kwamba mgeni huyu ametugharimu vitu vingi, na kwamba malighafi tunazo. Chukua daftari. Mvua ya Forks iache Forks.

Shika mwaka uleule, 1918. Homa ya mafua iliyokuwa imwue Edward ilipita na huku, vita kuu ya kwanza, iliyopiganwa hata katika ardhi hii hii, ikiwa inamalizika. Wapagazi wasiohesabika walibebeshwa risasi na vyakula vya majeshi ya wazungu wawili waliokuwa na ugomvi wao, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Mchukue kijana mmoja wa Kizaramo kati ya hao. Mpe miaka kumi na tisa. Usimwue. Mwingize Kazimzumbwi na mzigo wake kichwani, muda usimguse, na habari kwamba vita imekwisha zisimfikie. Miaka zaidi ya mia anatembea chini ya miti ile, hazeeki, hali, hataki damu ya mtu. Anataka mshahara wake.

Mlete sasa msichana wa sasa, anayetoka shuleni na begi mgongoni na kitabu kilichovishwa kaki. Wakutane ukungu ukiwa bado haujaondoka. Aogope, asikimbie. Mapenzi utayajua mwenyewe, umeyasoma ya kutosha. Ninachokuonya ni mwisho. Kwenye riwaya za nje wapendanao huamua wenyewe, wawili, msituni. Huku ukiandika hivyo hakuna atakayekuamini. Lazima apatikane mshenga. Lazima barua ya posa iende, isubiriwe, ijibiwe. Lazima somo amweke binti chini. Lazima iundwe kamati ya harusi na kadi za michango zigawiwe mpaka kwa watu mliopishana nao tu kwenye daladala.

Kisha andika kikao. Wazee wa binti wamekaa, kijana yuko mbele yao na mzigo wake wa 1918 pembeni. Hawatamuuliza kama yu hai. Swali hilo ni la utovu wa adabu. Watamuuliza anafanya kazi gani, naye atasema ukweli wake: alikuwa mpagazi, na anadai. Hapo baraza zima litashusha pumzi, kwa sababu kila mzee pale ana kitu anachodai: huyu pensheni, yule fidia ya shamba lililopitiwa na barabara, mwingine malipo ya korosho za msimu uliopita. Watamwona mwenzao. Mahari itajadiliwa, itapunguzwa kwa kuzingatia hali yake, na kila kitu kitaelekea kukubalika.

Mpaka mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani, atakapovaa miwani na kumuuliza kijana kama anazo risiti.